MNYAMA HAJUI MPAKA



Katika mkutano wetu mmoja hapa Arua, ndugu mmoja wa kazi ya tumbaku alisimama akauliza: "Chama cha wafanyakazi kina kazi gani na tembo na ndege? Mishahara je?" Swali hilo ni la haki. Tuliahidi kulijibu, na leo twalijibu.

Kwanza tutazame hapa petu. Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini. Ukitoka Oraba hatua chache uko Kaya. Ukipita Vurra uko njiani kwenda Aru. Vita vilipotufikia mwaka 1979 na miaka iliyofuata, wengi wetu tulivuka mpaka huo, mizigo kichwani na watoto mgongoni, tukapokewa. Baadaye ndugu wa Sudan Kusini nao walivuka kuja kwetu, wakakaa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Basi sisi twajua maana ya kuvuka ili upone.

Wanyama nao huvuka. Hufuata maji, majani na usalama. Na jina hilo la Rhino Camp si la bure. Vifaru weupe wa kaskazini waliishi huku kwetu, magharibi ya Nile, katika nchi iliyoitwa Lado. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipokufa mwaka 1909. Mwaka 1910 ikapewa Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikapewa Uganda. Wakati wakubwa wanakabidhiana hapakuwa na mlinzi wa kweli, na wawindaji wa pembe za ndovu wakamiminika kutoka nchi nyingi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, naye alifika huku mwanzoni mwa mwaka 1910, akawapiga risasi vifaru weupe.

Mwaka 1961 vifaru wachache walihamishwa kutoka West Nile kwenda Murchison Falls ili wapate usalama. Haikufaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Ng'ambo, katika hifadhi ya Garamba nchini Kongo, mwaka 1984 walikuwa wamebaki kama 15 tu. Askari wa wanyama wakakaza ulinzi, na idadi ikapanda hadi kama 30. Kisha vita vikaingia kutoka pande zote, na majangili wakavuka mpaka na bunduki zao. Vifaru wa Garamba wakaisha. Dume la mwisho duniani, aliyeitwa Sudan kwa kuwa alikamatwa huko, alikufa Kenya tarehe 19 Machi 2018, akaacha majike wawili, Najin na Fatu. Kizazi cha namna hiyo hakina tumaini ila kwa kazi ya madaktari.

Ndugu, fundisho ni lipi? Garamba ililinda, lakini majirani wakiwa vitani, ulinzi wa nchi moja haukutosha. Jambo hili tunalijua kazini. Shamba moja likidai haki peke yake, na shamba jirani likakubali mshahara wa chini, wote hushindwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa sababu hiyo nchi zilikaa pamoja. Mwaka 1979, mjini Bonn, Ujerumani, ulitiwa sahihi mkataba wa kulinda wanyama wanaohama, na ukaanza kutumika mwaka 1983. Tembo yumo, na korongo mweupe yumo. Mwaka 1994 yalifuata Mapatano ya Lusaka, ambayo Uganda, Kenya na Tanzania zimo, ili askari wa nchi hizo wawafuate pamoja wafanyabiashara wa pembe. Ofisi yake iko Nairobi.

Korongo huyo anataza Ulaya, kisha hushuka kwa bonde la Nile hadi mashariki na kusini ya Afrika. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipatikana korongo mmoja mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni. Alikuwa ameruka nao mpaka kwao, na ndipo wataalamu wa huko waliposadiki kwamba ndege hawa huja kwetu. Akiwa huku hula nzige na viwavi. Huyo ni kibarua wa mkulima asiyedai posho. Mabwawa yakikaushwa hapa, Poland watamkosa. Akiuawa njiani, sisi tutawapata viwavi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Tumbaku inayokaushwa kwa moto yataka kuni, na kuni ni miti. Tumeikata miti mingi sana. Lakini mkulima anayelipwa kwa kilo hakujichagulia moto huo peke yake. Anayenunua jani naye alipe sehemu ya mti. Kwa hiyo katika madai yetu, pamoja na mshahara, tuandike miche ya kuni na mabanda yanayokula kuni kidogo. Msitu ukiisha, kazi ya jani nayo itakwisha, na mshahara tutaudai kwa nani?

Tena tunawaomba: ndugu wa malori na wapagazi wa mpakani, msikubali kubeba pembe. Tajiri mwenye mzigo hakamatwi, hukamatwa mbebaji. Watoto wake ndio hubaki bila karo.

Mkataba usio na msimamizi ni karatasi. Tumeona mikataba ya kazi iliyotiwa sahihi ikalala kabatini. Mkataba wa wanyama nao utalala hivyo hivyo, tusipousimamia sisi tunaoishi mpakani, tukishirikiana na wenzetu wa Aru na Kaya.

Hilo ndilo jibu letu kwa ndugu aliyeuliza. Umoja ni nguvu.