Saladi ya Matunda: Karanga Badala ya Nazi

Katika visiwa vya Polinesia, papai, embe, ndizi na nanasi hukatwa vipande na kuchanganywa na tui la nazi. Mbali na kuongeza ladha, mafuta ya tui huusaidia mwili kufyonza karotini ya papai na embe, ambayo huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kuimarisha kinga.

Kate, wilayani Nkasi, iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mbali na minazi ya pwani. Karanga zinazolimwa Ufipa nazo zina mafuta, hivyo hushika vema nafasi ya nazi. Jambo hili si dogo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Saladi peke yake haiondoi udumavu, lakini huongeza virutubishi vilivyo haba katika ugali na maharage.

Osha mikono, kisu na matunda kwa maji safi na salama. Menya, katakata, kamulia ndimu, kisha nyunyizia karanga zisizo na ukungu, zilizokaangwa na kutwangwa laini. Karanga nzima zaweza kumpalia mtoto mdogo. Usitie sukari. Iliwe mara moja, pamoja na mlo: vitamini C husaidia ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika maharage, faida kubwa kwa mjamzito.

Mwenye kisukari ale kiasi kidogo. Mgonjwa wa figo amwulize kwanza mhudumu wake, kwa kuwa ndizi zina potasiamu nyingi.