Ukikwama, Bonyeza F1

Makala haya yanahusu kompyuta. (Mwalimu wetu hupenda tuseme tarakilishi, na wako wasemao ngamizi. Mie nitasema kompyuta, kwani ndivyo tusemavyo kwetu Kibarani.) Hasa nataka kukueleza namna ya kuiomba msaada programu yenyewe pale unapokwama, bila ya kumsumbua mtu na bila ya kununua bando.

Jambo hili nililijua kwa aibu. Chama chetu kilikuwa kikikusanya maneno ya uvuvi, nami nikapewa zamu ya kumwendea mzee mmoja jirani yetu, upande wa maji, kabla hujavuka Makupa kuingia kisiwani. Mzee huyo alianza kuvua wakati Kibarani ingali jaa la taka la mji mzima. Alinieleza tofauti ya jarife na juya, dema linavyosukwa na linavyotegwa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Nikaandika yote kwenye vikaratasi, na Ijumaa nikaingia maabara kuyapiga chapa.

Kompyuta niliyoipata ni ile kuukuu ya pembeni, yenye Linux, na programu ya kuandikia iliyomo ni Vim. Rafiki yangu akanifungulia faili, akaliita uvuvi.txt, akabonyeza herufi i, akaniambia, “Haya, andika!” Nikaandika saa nzima. Kengele ilipolia nikataka kutoka. Weee! Kila nilichobonyeza kiliingia ndani ya maandishi. Nikaandika “exit”, ikakaa pale pale baada ya neno “bamvua”. Nikaandika “toka”, nayo ikakaa. Mlango ulikuwa unafungwa. Basi nikafanya la mjinga: nikachomoa waya ukutani.

Nyumbani nikatafuta vile vikaratasi. Mama alikwisha kuviwashia jiko. Na mzee mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Vanga kwa wanawe, hakuna ajuaye atarudi lini.

Jumatatu nilipolifungua faili, kioo kilijaa Kiingereza, na juu kabisa pameandikwa E325: ATTENTION. Chini yake ilitolewa orodha ya herufi za kuchagua, na mojawapo ilikuwa D, yaani futa. Kidole changu kilikuwa juu ya D. Mtunza maabara akanishika mkono.

“Shikamoo, mwalimu. Kazi yangu imepotea.”

“Marahaba. Imepotea, au hujaisoma habari uliyopewa? Hebu soma, mwanangu.”

Nikasoma. Habari ile ile ilisema niandike :help recovery. Nikabonyeza Q kutoka, nikaifungua Vim tupu, nikaandika maneno hayo, na maelezo yakatokea. Kumbe Vim, unapoandika, huweka nakala ya pembeni katika faili lililofichika. Langu liliitwa .uvuvi.txt.swp. Kwa kawaida nakala hiyo huongezwa kila unapofikisha herufi 200, au ukitulia sekunde 4 bila ya kugusa kitu. Nikarudi kwenye faili langu, nikabonyeza R badala ya D. Jarife, juya, dema na bamvua vyote vikarudi, pamoja na zile “exit” na “toka” zangu. Kisha nikafuata maelezo: nikayahifadhi kwa jina jingine kwa :w uvuvi2.txt, nikayasoma yote kuhakikisha, ndipo nikalifuta lile faili la pembeni.

Sasa nikueleze mambo yenyewe. Kwanza ujue kuwa Vim ina hali zaidi ya moja. Katika hali ya kawaida, kila herufi ni amri. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Ndiyo maana “exit” yangu haikufua dafu, kwani nilikuwa katika hali ya kuandika. Kitufe cha Esc hukurudisha kwenye hali ya kawaida, kwa hivyo kabla ya kuomba msaada bonyeza Esc. Halafu andika nukta pacha, neno help, na ubonyeze Enter. Kitufe cha F1 hufanya kazi hiyo hiyo, ila katika baadhi ya kompyuta za mkononi F1 imepewa kazi nyingine, kama ya sauti au mwanga.

Kioo kitagawanyika mara mbili: msaada juu, faili lako chini. Hapa wengi hubabaika, wakadhani kazi yao imemezwa. La hasha! Ipo, imesogezwa tu. Andika :q na kidirisha cha msaada kitajifunga. Tena waliotunga Vim wanajua kuwa watu hubabaika, kwani ukiandika :help! pamoja na alama ya mshangao, jibu lake ni kukuambia usihofu.

Ndani ya msaada kuna maneno yaliyotiwa rangi. Kila moja ni mlango. Peleka kielekezi juu yake, shika Ctrl ubonyeze ], utaingia. Ukitaka kurudi ulikotoka, shika Ctrl ubonyeze O. Nakwambia, njia hii ni tamu kuliko kusoma kutoka mwanzo hadi mwisho, japo ukiingia milango kumi utasahau ulikuja kuuliza nini.

Linalowashinda wengi ni namna ya kuuliza. Hapa Mombasa ukifika mtaani ukasema “Namtaka Ali”, utaulizwa, “Ali yupi? Wa Kibarani, wa Makadara, au yule wa Mji wa Kale?” Msaada wa Vim ni vivyo hivyo. Herufi moja inaweza kuwa na kazi tofauti kulingana na hali uliyomo, kwa hiyo lazima utaje na kwao. Ukiandika :help x utaelezwa kazi ya x katika hali ya kawaida, ambayo ni kufuta herufi moja. Ukiandika :help :x, pamoja na nukta pacha nyingine, utaelezwa amri ya kuhifadhi na kutoka. Kwa hali ya kuandika tanguliza i_, kwa mfano :help i_CTRL-W, yaani kufuta neno lililo nyuma yako. Na mipangilio hutiwa ndani ya alama za kunukuu moja moja: :help 'number' itakuonyesha namna ya kutia nambari za mistari. Nayo makosa yana nambari zake. Ukiona E325, andika :help E325. Laiti ningalijua Ijumaa ile!

Kama hulijui jina lote, andika mwanzo wake, mathalani :help swap, na kabla ya Enter shika Ctrl ubonyeze D. Utapewa majina yote yanayofanana. Na ukiwa hujui hata mwanzo wa jina, tumia :helpgrep na neno lolote. Hiyo itachakura kurasa zote za msaada, kama walivyokuwa wakichakura watu jaani kwetu, na itasimama penye neno hilo. Kwenda pengine andika :cnext. Kwa anayeanza kabisa, toka nje ya Vim uandike vimtutor. Ni somo la kama nusu saa, nawe unajifunza kwa kulihariri lenyewe.

Yupo msomaji atakayeuliza, mbona tunahangaika na kitu cha wazungu wa mbali? Subiri. Ukiifungua Vim bila ya faili, kwenye ukurasa wa kwanza utaona ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Mara ya kwanza nilidhani ni tangazo la matapeli. Andika :help uganda upate habari yenyewe. Aliyeitunga Vim ni Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa umma mwaka wa 1991. Mwaka wa 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akajitolea mwaka mzima katika kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi. Ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi pale bila ya wazazi. Aliporudi kwao hakuiuza programu yake. Aliitoa bure na kumwomba kila anayeipenda awachangie watoto wale. Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na Vim inaendelezwa na wengine. Kwa hiyo ndani ya msaada huu imo Afrika Mashariki yetu.

Lakini Kiswahili sikukiona. Niliandika :help futa nikajibiwa E149, samahani, hakuna msaada kuhusu futa. Hapo ndipo chama kilipopata kazi mpya, maana Vim humruhusu mtu yeyote kuongeza kurasa zake za msaada. Katika Linux unatengeneza folda iitwayo .vim ndani ya folda yako, na ndani yake nyingine iitwayo doc. Katika Windows ile ya kwanza huitwa vimfiles. Humo unaweka faili la maandishi ya kawaida. Letu linaitwa msaada.txt. Kila neno unalotaka liulizwe unalizungushia nyota, hivi: *kutoka*. Chini yake unaandika maelezo. Ukimaliza, andika :helptags ~/.vim/doc na Vim itajitengenezea faharasa.

Tulianza na *kutoka*, kwa sababu zinazojulikana. Sasa anayekwama kwenye ile kompyuta ya pembeni huandika :help kutoka, naye huambiwa kwa Kiswahili abonyeze Esc, kisha aandike :wq ili ahifadhi na kutoka, au :q! akitaka kutoka bila ya kuhifadhi. Tumekwisha kuandika *futa*, *hifadhi*, *nakili*, *tafuta* na *okoa*. Hilo la mwisho niliandika mwenyewe.

Mabishano yapo. Ile amri ya kurudisha ulichokosea, wengine wanataka iitwe *tendua*, na wengine wanasema Mombasa hakuna asemaye tendua, iitwe *rudisha*. Katibu anasema tuweke yote mawili, kwani nyota hazinunuliwi. Mzee wetu amerudi kutoka Vanga. Nilipomsomea orodha aliniuliza kwa nini kile kijistari kinachopepesa tunakiita kielekezi, na wala si chambo. Hoja yake italetwa mkutanoni Ijumaa.