Kinachoua Betri ni Kukaa

Gari dogo la petroli linapowashwa, stata huvuta ampea 150 hadi 200 kwa mkupuo, na taa za dashibodi hufifia. Kwa sababu hiyo madereva wengi huamini kuwa kuwasha ndiko kunakochosha betri. Hesabu inakataa. Ampea 200 kwa sekunde tatu ni ampea-saa 0.17 tu, na betri ya NS60, ambayo mafundi wetu huifunga kwenye magari mengi madogo yanayotoka Japani, hubeba takriban ampea-saa 45. Ungeweza kuwasha zaidi ya mara mia mbili kabla ya kuimaliza.

Sasa zima gari, funga milango, nenda zako. Saa inaendelea kutembea. Kipokezi cha rimoti kinasubiri kuitwa, alamu iko macho, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake. Kama kuna kifaa cha kufuatilia gari, nacho kinawasiliana na minara ya simu usiku na mchana. Vyote hivyo kwa kawaida huvuta miliampea 20 hadi 50, na alamu iliyofungwa vibaya huvuta zaidi. Tukichukua 50, kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2: umeme wa kuliwasha gari mara saba, unaotumika kila siku na gari ambalo halijaenda popote. Wiki tatu zikipita, zaidi ya nusu ya akiba imekwenda bila mtu kugusa ufunguo. Mwenyewe yuko Unguja kikazi, au yuko Muscat na gari linamsubiri Dar es Salaam hadi likizo. Akirudi ataambiwa betri ni mbovu. Huenda ilikuwa nzima kabisa siku aliyoondoka.

Kwa miliampea hizo chache, dawa ni chanzo kidogo cha umeme kinachorudisha kila siku kilichopotea kila siku. Hapo ndipo chaja ya sola inapostahili sifa, ilimradi inunuliwe kwa hesabu.

Lakini kwanza tuelewe betri inadhurika vipi. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika: mabamba ya madini ya risasi ndani ya asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, salfa ya kwenye asidi hushikamana na mabamba hayo. Ikichajiwa mapema, salfa hurudi kwenye asidi. Ikiachwa majuma kadhaa, fuwele zake hukua na kuwa ngumu mithili ya chumvi iliyogandamana chini ya kopo, na chaji ya kawaida haiziondoi tena. Eneo hilo la bamba limekufa. Mtu akiboosti kwa waya za gari la jirani, injini inawaka naye anadhani mambo yamekwisha, kumbe betri ya ampea-saa 45 sasa inafanya kazi kama ya 30. Joto nalo huongeza balaa. Hata betri isiyofungwa waya wowote hupoteza chaji polepole, na kasi hiyo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10.

Mita ya bei nafuu inatosha kukuonyesha hali ilivyo. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya 12, fuwele zimeshaanza kazi yake.

Tuje kwenye paneli. Paneli ya wati 10 hutoa takriban ampea 0.55 kwenye jua kali. Pwani yetu hupata, kwa wastani, kama saa tano za jua kamili kwa siku, kwa hiyo ikikaa wazi juani inaweza kuleta ampea-saa 2.7. Wengi huiweka ndani, juu ya dashibodi, wakihofia wezi. Huko hukumbana na kioo, pengine chenye tinti, na joto la gari lililofungwa. Jua ni chakula cha paneli, lakini joto ni adui yake: kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu, na dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kufika nyuzi 70. Mimi hukadiria nusu ya mavuno tu, yaani ampea-saa 1.4. Bado inazidi 1.2 inayopotea. Vile vipaneli vya wati 2 vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia havifiki hata robo ya hitaji hilo. Taa yake ndogo itawaka, nawe utaondoka na moyo mweupe huku betri ikiendelea kushuka.

Huku kwetu tuna bahati moja kubwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo mwaka mzima jua la adhuhuri liko juu, au halijaenda mbali na utosi. Paneli iliyolazwa bapa inalipata vizuri. London mwezi Desemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo, ndiyo maana maelezo yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya husisitiza kuiinamisha. Hapa, cha kuogopa zaidi ni kivuli. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, na jani moja la mwembe likifunika seli moja huweza kubana umeme wa paneli nzima.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni la tundu la kiberiti cha sigara. Chaja nyingi huja na plagi yake, lakini katika magari mengi ya Japani tundu hilo hukatika umeme ukichomoa ufunguo, na paneli inakuwa haijaunganishwa na chochote. Chomeka chaja ya simu, zima gari, uone kama taa yake inabaki. Ikizimika, peleka waya moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ndogo iwe karibu na kichwa cha chanya.

Kwa paneli ya wati 10, weka pia chaji kontrola. Bila mzigo paneli ya namna hiyo hufika volti zaidi ya 20; ikiachwa huru miezi mingi itakausha maji ya betri. Kontrola hushusha volti hadi kama 13.6 betri ikijaa, na usiku huzuia umeme usirudi nyuma kwenye paneli. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye.

Najali jambo hili kwa sababu kubwa kuliko bei ya betri. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ya betri chakavu huenda mahali fulani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliingiza sumu hiyo katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mwanawe pia alipatwa, aliongoza mapambano ya wakazi, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri iliyodumu miaka minne badala ya miwili imepunguza safari moja ya kwenda tanuruni.

Sola haifufui betri iliyokwisha. Kwa ampea 0.55 ingehitaji zaidi ya wiki mbili, huku gari likiendelea kula. Ijaze kwanza kwa chaja ya umeme wa ukutani, iache ipumzike usiku kucha, upime, kisha ndipo ufunge paneli. Na kama maegesho yako ni chini ya ghorofa, pasipofika jua, legeza kichwa cha hasi na ukitenge na betri. Redio itasahau stesheni zake, alamu italala, na betri itabaki na uchovu wake wa asili tu.