Kianzio cha simu ya mkopo hakiendani na msimu wa Mgeta

Biashara ya simu nchini ilikua kwa vocha. Mteja alilipa kwanza, akaongea baadaye, na kampuni haikuwa na deni la kudai. Waliotakiwa kuweka amana ni wateja wachache wa malipo ya baada, wengi wao wa maofisini. Simu janja za mkopo zimelirudisha deni, na Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru inayopeleka kabichi, karoti na njegere Morogoro na Dar es Salaam, deni hilo linagongana na shamba.

Utaratibu unajulikana: kitambulisho cha taifa, namba ya mdhamini, kianzio, kisha rejesho la kila siku au wiki. Ukichelewa, simu inajifunga. Sola za kulipia kidogokidogo zilitangulia kwa mtindo huohuo.

Wakala mmoja wa Nyandira, aliyeomba asitajwe, anasema wateja wake wengi hawakimbii deni. Kabichi hukaa shambani takribani miezi mitatu, na muda wote huo mkulima ananunua mbolea na dawa tu. Simu inafungwa kabla hajauza hata kichwa kimoja, kisha siku ya mavuno anaazima ya jirani ili amuulize dalali bei. Kinachomuuma zaidi wakala huyu ni kamisheni: mteja akichelewa inakatwa, ilhali kianzio kilishakwenda kwa kampuni. Anapiga hesabu: kianzio shilingi 50,000, rejesho 1,200 kila siku kwa mwaka, jumla 488,000. Simu hiyohiyo kwa taslimu anaiuza 300,000. Mkulima anaijua tofauti, anasema, ila hana 300,000 za mkupuo.

Jirani wa wakala huyo, muuza pembejeo, naye anakopesha, tena bila kianzio, na hungoja mavuno. Hana mtambo wa kumfungia mtu chochote. Analijua shamba la mdaiwa, na analiona gari la mzigo likipita.

Kauli rasmi zinasifu usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofuatiwa mwaka 2020 na kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa, kwamba sasa kila mteja anatambulika. Anatambulika, sawa. Lakini alama ya kidole haimwambii mkopeshaji karoti zitang'olewa lini. Hata ongezeko la simu janja linalotangazwa ningelipokea kwa tahadhari mpaka tujue ngapi zimelipiwa zikaisha, na ngapi ziko kabatini zimefungwa.

Rejesho la msimu, linalongoja mavuno, linawezekana, na huenda kampuni moja ikalijaribu. Ila masika yakiharibu barabara ya kushukia Sangasanga, hata aliyevuna huchelewa kupata fedha, na mkopeshaji atakayekubali kungoja huenda akadai kianzio kikubwa zaidi. Wakala wa Nyandira anahofia hilo kuliko simu kufungwa: kikifika 100,000, anasema, wenye vishamba watabaki na vitochi vyao, simu ndogo za vitufe.