Koki ya bia nyumbani: uiunde au uinunue?

Ukimtajia Mkenya neno keg, anaona baa ya mtaani, pipa la chuma nyuma ya kaunta, na glasi ya bei ambayo chupa haiwezi kuifikia. East African Breweries ilipoanzisha Senator Keg mwaka 2004, shabaha ilikuwa kumvuta mnywaji wa chang'aa aje kwenye kinywaji salama, na serikali ikasaidia kwa kuipunguzia bia hiyo ushuru. Mwaka 2013 nusu ya nafuu hiyo ilipoondolewa, mauzo yaliporomoka. Sehemu kubwa yake iliporejeshwa miaka miwili baadaye, wanywaji walirudi. Kwetu, basi, bia ya pipa ni ya bei nafuu, ya kundi, na hainywewi nyumbani.

Marekani bia hiyo imehamia gereji. Pembeni ya gari kuna friji fupi yenye mnara na koki juu yake, na mwenye nyumba hujimiminia glasi huku nyama ikiiva nje. Mhamiaji kutoka Nairobi au Arusha aliyepata nyumba yenye gereji Texas au Minnesota hakawii kukutana na swali ambalo wenyeji wamelibishania kwa miaka: ninunue mtambo ulio tayari, au niunde wangu kutokana na friza ya kawaida? Kwetu angetafutwa fundi, bei ingepatanwa, na kazi ingeisha. Huko saa chache za fundi wa friji zinaweza kumeza faida yote ya kuunda, kwa hiyo fundi ni wewe mwenyewe.

Wengi hulijibu swali hilo kwa kulinganisha bei. Kwa maoni yangu, bei ni jambo la tatu. La kwanza ni kiasi mnachokunywa, na la pili ni bia yenyewe itatoka wapi.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo ndoto nyingi zinapogongana na hesabu. Pipa kubwa la Marekani hubeba lita 58.7. Hizo ni chupa 117 za nusu lita. Bia nyingi za pipa huko hazijapitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, na hata zikikaa baridi muda wote hubaki na ladha yake kwa wiki sita hadi nane tu. Ili kulimaliza pipa hilo katika muda huo, nyumba inahitaji kunywa zaidi ya chupa mbili kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, bila kukosa. Mtu asiyefikia hapo atamwaga bia au atakunywa kuliko afya yake inavyoruhusu, na yote mawili ni hasara. Lipo pipa dogo la lita 19.5, sawa na chupa 39, na kwa familia ya kawaida hilo ndilo la maana. Ila kwa lita moja, bia ya pipa dogo ni ghali kuliko ya pipa kubwa. Anayetafuta koki ili kuokoa fedha akumbuke hilo mapema.

Jambo la pili linahitaji historia kidogo. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, kupika bia nyumbani hakukuhalalishwa. Ilibidi kungojea hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoondoa kodi ya shirikisho kwa bia inayopikwa nyumbani kwa matumizi ya nyumbani: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Majimbo yalifuata kila moja kwa mwendo wake. Alabama na Mississippi ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, na yalikubali mwaka 2013. Wakati huo hata Ikulu ya Washington ilikuwa imeshapika bia yake ya asali, kwa vifaa ambavyo Barack Obama alivinunua kwa fedha zake mwaka 2011. Mjukuu wa Kogelo alikuwa amelitangulia jimbo zima la Alabama.

Sheria ya Carter ilizaa wapishi, na wapishi wakahitaji mapipa. Bahati yao, kampuni za soda zilikuwa zikiachana na mapipa membamba ya chuma ya galoni tano, yaliyojulikana kwa jina la kampuni ya Cornelius, na kuhamia kwenye mifuko ya sharubati iliyofungwa ndani ya maboksi. Mapipa yaliyostaafu yaliuzwa kwa bei ya kutupa, na wapishi wa nyumbani wakayachukua. Pipa hilo lina mfuniko unaofunguka, mtu anaingiza mkono akalisugua mwenyewe, na likijaa bia mwanamke au mwanamume wa nguvu za kawaida analinyanyua. Pipa kubwa la kiwandani ni habari nyingine kabisa. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 70.

Uzito huo unaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Friji iliyotengenezwa kwa kazi hii hufunguka kwa mbele, na pipa huingizwa likiwa karibu na sakafu. Friza ya kuundwa hufunguka kwa juu, na juu yake mwenyewe ameongeza fremu ya mbao, kwa hiyo kila pipa lazima lipandishwe hadi kifuani kisha literemshwe ndani. Kwa mapipa ya galoni tano si shida. Kwa pipa la kilo 70 ni watu wawili na mgongo ulio hatarini. Ukinywa bia ya kiwanda kutoka pipa kubwa, nunua friji inayofunguka mbele, na mjadala umekwisha. Ukipika yako, endelea kusoma.

Mtambo wenyewe si wa ajabu. Kuna mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi, regulata inayopunguza presha, mpira unaopeleka gesi kwenye pipa, mpira mwingine unaoleta bia kwenye koki, na baridi. Ugumu uko kwenye kuvipatanisha. Bia ikiwa kwenye nyuzijoto 3 za Selsiasi, presha ya paundi 10 hadi 12 kwa inchi ya mraba huishikilia gesi yake ndani, chini ya nusu ya upepo wa tairi la gari dogo. Ukifungua koki, presha hiyo inatakiwa ifie njiani, ndani ya mpira, ili bia ifike kwenye glasi ikiwa imetulia. Mpira mwembamba wa milimita tano hivi, wenye urefu wa mita tatu, hufanya kazi hiyo vizuri. Ukiukata ukawa mita moja na nusu, bia inaruka na unapata glasi ya povu.

Friji nyingi za dukani, hasa za bei ya chini, huja na mpira mfupi wa namna hiyo. Nadhani ni kwa sababu mpira mfupi hukunjika vizuri kwenye boksi. Mnunuzi anaunganisha kila kitu kama kijitabu kinavyosema, anamimina, anapata povu, anapunguza presha, na baada ya siku chache bia inakuwa kama maji kwa sababu gesi imetoka. Anapandisha tena, povu linarudi. Dawa ni mpira mrefu wa dola chache. Kosa la pili la friji hizo ni mnara. Bia iliyolala kwenye mnara usiopoozwa hupata joto, na glasi ya kwanza hutoka na povu hata kama ndani ya friji ni baridi kabisa. Feni ndogo inayopuliza hewa baridi hadi juu ya mnara humaliza tatizo. Kwa hiyo hata anayenunua ataunda kidogo, apende asipende.

Anayeunda huanza na friza ya kulala ya lita 200 hivi. Friza imeumbwa igandishe, nasi tunataka nyuzi 3, kwa hiyo kinahitajika kidhibiti joto cha nje: friza inachomekwa kwenye kidhibiti, kidhibiti kinachomekwa ukutani, na kijiti chake cha kupima kinawekwa ndani. Joto likipanda, kinawasha umeme, likishuka, kinazima. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Kazi ya seremala ndiyo inayochukua wikendi. Mfuniko unatolewa, fremu ya mbao inajengwa juu ya kingo za friza, mfuniko unarudishwa juu ya fremu, na matundu ya koki yanatobolewa kwenye mbao.

Kuna anayeuliza kwa nini asitoboe ukuta wa friza moja kwa moja aokoe mbao. Asithubutu. Kwenye friza nyingi za aina hii mabomba ya gesi ya kupozea yamefichwa ndani ya kuta, na ncha ya drili ikigusa moja tu, friza imekufa. Mbao hazina bomba. Faida nyingine ni kwamba fremu ikiharibika unang'oa, na friza inarudi kuwa friza ya kuhifadhi samaki.

Unyevu ni adui wa mtambo wa kuundwa. Friza haitoi maji yenyewe kama friji, na jasho hujikusanya chini hadi kuota ukungu. Weka feni ndogo ya kuzungusha hewa, maana baridi hutuama chini na koki zikabaki na joto, kisha weka chombo cha kunyonya unyevu, ukikumbuka kukimwaga.

Sasa bei, kwa wale waliokuwa wakiingojea. Friji iliyo tayari yenye koki moja huuzwa kwa kati ya dola 500 na 800. Ukiongeza koki ya pili na ya tatu, bei inapaa na inaweza kuvuka dola 1,000 kirahisi. Kwenye kuunda, friza mpya ni dola 200 hadi 300, na juu yake kuna vitu ambavyo havikwepeki hata ukitaka koki moja tu: mtungi, regulata, kidhibiti joto, mbao. Ukijumlisha, mtambo wa kuundwa wa koki moja hufika karibu na bei ya dukani, na umepoteza wikendi. Lakini koki ya pili, ya tatu na ya nne kwenye mbao ileile kila moja huongeza gharama ya koki na mipira tu. Kwenye koki ya tatu ndipo kuunda kunapoanza kulipa. Anayeunda kwa ajili ya koki moja anafanya hivyo kwa kupenda useremala, na hilo nalo si kosa.

Wapenzi wa Guinness wana hesabu yao. Ile ya pipa haiendeshwi na kaboni dayoksaidi peke yake. Tangu kazi ya Michael Ash iliyozaa Guinness ya pipa mwaka 1959, hutumia mchanganyiko ambao kwa kawaida ni asilimia 75 nitrojeni, na koki yake ina kibati chenye vitundu vidogo vinavyotengeneza lile povu zito. Inataka mtungi mwingine, regulata nyingine na presha ya juu zaidi. Kwenye friza ya kuundwa unaongeza tu, kwenye friji ndogo ya dukani mara nyingi hakuna pa kuviweka. Na anayetamani ile Guinness kali ya chupa tuliyoizoea Afrika Mashariki ajue kwamba hiyo ni bia nyingine, na koki ya nitrojeni haitamletea.

Ulaya kuna njia ya tatu, mashine za mezani kama PerfectDraft ya Philips, zinazotumia vipipa vya lita sita vinavyodumu siku 30 baada ya kufunguliwa. Kwa mkaazi wa ghorofa asiye na gereji ni jambo la busara, mradi akubali kunywa bia ambazo mwenye mfumo ameamua kuziuza.

Wanaojaza kontena la kurudi nyumbani nao wana la kuzingatia. Friji ya Marekani ni ya volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Kenya na Tanzania umeme ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na kompresa iliyoundwa kwa 60 hupata taabu. Vifungio vya mapipa navyo havifanani: Marekani hutumia zaidi aina ya D, sehemu kubwa ya Ulaya S, na Guinness ina U yake. Ningeacha friji huko huko, nikasafirisha koki, regulata na mipira, kisha nikanunua friza Mombasa au Kariakoo. Na ukianza kuwauzia majirani glasi, hiyo imeshakuwa baa, na baa huhitaji leseni.

Usafi hauchagui aliyeunda na aliyenunua. Kila baada ya wiki mbili mipira na koki huoshwa kwa dawa maalumu kisha kusuuzwa hadi maji yatoke safi. Ukiacha, utando hujijenga ndani ya mpira na bia inaanza kunukia siagi, kisha siki. Asiyeweza kuahidi kazi hiyo anunue chupa.

Na kwa atakayenunua mtungi wa gesi uliotumika: joto la chumba likiwa la kawaida, presha ya ndani hupita paundi 800 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo ufungwe ukiwa umesimama usianguke, na usiwekwe kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa, kwa kuwa gesi ikivuja hujaa kimya kimya na inaua. Kabla ya kulipa, tazama bega la mtungi ambako tarehe ya kupimwa imegongwa kwenye chuma. Marekani mitungi hii hupimwa kila baada ya miaka mitano, na ikipita hapo hakuna duka litakalokujazia.