Majani ya Mfenesi Yanayoungua Matombo

Ukiifuata barabara ya Bigwa–Kisaki, mkoani Morogoro, asubuhi ya kiangazi na kuipita Mkuyuni, Matombo inakupokea kwa harufu ya moshi. Nyua zimekwisha kufagiliwa kwa fagio la chelewa. Majani ya mfenesi, mwembe na mgomba yamerundikwa kando, yanafuka. Roho huniuma kila niuonapo moshi ule, maana kinachoungua pale ni chakula cha shamba.

Kuna njia nyingine ya kuyaondoa majani uani. Marekani, miti ikipukutisha majani Oktoba na Novemba, mwenye uwanja mkubwa huwasha trekta ndogo ya kukatia nyasi, akaifungia bomba la kufyonzea. Majani hukatwakatwa na kuvutwa hadi kwenye tela la nyuma. Kwenye miteremko ya milima yetu ya Uluguru trekta ile ingebiringika. Lakini kule kukatakata kuna maana: jani la mfenesi ni gumu na linateleza, likiachwa zima huchelewa kuoza liwe mboji. Panga linatosha.

Majani makavu matupu yana kaboni nyingi na nitrojeni haba, kwa hiyo lundo lake hubaki baridi tu. Yapange kwa matabaka: makavu, mabichi, samadi ya mbuzi, udongo kidogo, kisha maji. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, mboji inapikika, kikitoka kikavu, ongeza maji. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011, limekuwa likiwafundisha wakulima wa milima hii kutengeneza mboji na kutandaza majani shambani.

Na Matombo ina haki ya kuyapima mashauri ya kilimo kabla ya kuyapokea. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hii, kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo wenye rutuba huku ni mwembamba. Jembe lilifukua udongo wa chini, usio na chakula cha mmea, likauleta juu. Watu walichoka kwa kazi, mavuno hayakuja. Mwaka 1955 hasira zililipuka hapa hapa Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Wazee walioyakataa matuta waliitwa wakaidi. Mimi naamini waliujua udongo wao kuliko mabwana shamba waliotumwa kuwafundisha.

Jani halifukui kitu. Linaongeza kutoka juu, kama msitu unavyofanya wenyewe, na matone ya masika yanalipiga lenyewe badala ya kuupiga udongo. Pasipo jani, udongo huteremka hadi Ruvu, na maji ya mto huo ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam.

Ua uendelee kufagiliwa, tena mapema. Nyoka wapo na watoto wanacheza. Ila lundo lile la majani lipakiwe kwenye tenga, lishushwe hatua ishirini hadi shina la mgomba, kabla mtu hajatafuta kiberiti.