Bunduki ya risasi moja: kwa nini kifyatulio chepesi si lazima kiwe kifyatulio bora

Mwindaji aliyeshika bunduki ya risasi moja hana nafasi ya kujisahihisha. Akishafyatua, mtutu ni mtupu. Mnyama aliyejeruhiwa atatokomea kwenye majani marefu akafe kwa maumivu, au atamgeukia aliyempiga. Ndiyo maana wengi wanaomiliki bunduki za aina hii hutamani kuiboresha sehemu ndogo kuliko zote, ile inayoguswa na kidole: kifyatulio.

Vurra ni eneo la wilaya ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako barabara ya Arua huvuka mpaka na kuingia Aru katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko, suala la bunduki si la ufundi peke yake. Lina historia ndefu na lina sheria zake. Zaidi ya hayo, kosa la upana wa unywele kwenye chuma linaweza kugharimu maisha ya mtu.

Bunduki iliyokuja na Mto Nile

Bunduki ya risasi moja si ngeni katika West Nile. Mwaka 1869 serikali ya Misri iliagiza maelfu ya bunduki za kampuni ya Marekani ya Remington. Kila moja ilibeba risasi moja tu, iliyoingizwa kwa mkono nyuma ya mtutu. Silaha hizo zilipanda Mto Nile pamoja na askari wa Misri hadi jimbo la Ikweta. Emin Pasha, gavana wa mwisho wa jimbo hilo, alipohamishia makao yake Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, katika miaka ya 1880, askari wake walikuwa nazo mikononi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wa askari waliobaki wakaingia katika utumishi wa Waingereza. Miongoni mwa wazao wao ni Wanubi wa leo, jamii inayofahamika vyema Arua na Bombo.

Baada ya hapo eneo hilo likaitwa Lado. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Leopold alipofariki Desemba 1909, utawala wa Wabelgiji ulifikia ukingoni, na mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan. Katika kipindi hicho cha mamlaka dhaifu, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika kutoka kila upande. Mwaka 1914 sehemu ya kusini, Arua na Vurra zikiwemo, ikaunganishwa na Uganda.

Mmoja wa wawindaji hao, Mskochi Walter Bell, alijulikana kwa kuwaangusha tembo kwa bunduki za risasi ndogo, wakati wenzake wakiamini kuwa tembo hauawi ila kwa bunduki kubwa. Siri yake haikuwa nguvu ya baruti. Ilikuwa mahali risasi ilipotua. Na mahali risasi inapotua huamuliwa kwa kiasi kikubwa katika ile nukta ya wakati ambapo kidole kinavuta.

Kifyatulio hufanya kazi gani

Ndani ya bunduki, kamani yenye nguvu huisukuma nyundo ya chuma ikaigonge pini, na pini ikapige fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Bunduki inapokuwa tayari, nyundo hiyo imezuiliwa na jino dogo lililoshika kwenye pengo. Kuvuta kifyatulio ni kuliondoa jino hilo kwenye pengo lake. Katika bunduki nyingi jino ni kipande cha peke yake. Katika zile Remington za kale, kifyatulio chenyewe ndicho kilichoishika nyundo, na komeo la ndani lilikifunga kisivutike kabla sehemu ya nyuma ya mtutu haijazibwa sawasawa.

Bunduki za kijeshi kwa kawaida hupewa kifyatulio kizito kwa makusudi, ili askari mwenye hofu au aliyechoka asifyatue bila kutaka. Kwa mwindaji, uzito huo ni kikwazo. Bunduki yenye uzito wa kilo 3 ikihitaji nguvu ya kilo 3 na nusu kuvutwa, kidole kinatumia nguvu inayozidi uzito wa silaha nzima, na ni vigumu silaha isitikisike. Ncha ya mtutu wenye urefu wa mita 1 ikisogea upande kwa milimita 1 tu, risasi hupotoka kwa sentimita 10 ifikapo mita 100. Umbali huo unatosha kutenganisha moyo wa swala na tumbo lake.

Ubora haupimwi kwa wepesi pekee

Mafundi wa silaha hukipima kifyatulio kwa mambo matatu. La kwanza ni uzito wa kuvuta. La pili ni mwendo wake kabla ya kuachia: je, jino linaachia mara moja, au linakwaruza na kujikokota hata mpigaji asijue risasi itatoka lini? La tatu ni mwendo wa ziada baada ya kuachia, ambao huitikisa bunduki wakati risasi ingali ndani ya mtutu.

Kati ya hayo, mwindaji mzoefu huthamini zaidi lile la pili. Kifyatulio cha kilo 2 kinachoachia kwa usafi, kama kijiti kikavu kinachokatika, humfaa kuliko cha kilo 1 kinachokwaruza. Wepesi uliopita kiasi una madhara yake: kidole kilichokufa ganzi kwa baridi ya alfajiri, au kilichojaa jasho, hakihisi kitu mpaka mlio usikike.

Maboresho yenyewe ni ya aina tatu. Lililo rahisi ni usafi: mafuta yaliyoganda, vumbi na kutu hukifanya kifyatulio chema kionekane kibovu, na mara nyingi kukisafisha kunatosha. La pili ni kubadilisha kamani. La tatu ni kuondoa mfumo mzima na kuweka mwingine uliotengenezwa kiwandani kwa ajili ya bunduki ya aina hiyohiyo.

Hatari ya tupa

Jambo linaloogopwa na mafundi ni njia ya nne: kuchukua tupa na kulipunguza jino. Chuma cha sehemu hizo mara nyingi huwa kimekomazwa kwa moto juu juu tu. Tupa ikiliondoa tabaka hilo gumu, linalobaki chini ni laini. Siku ya kwanza bunduki itafanya kazi vizuri, pengine hata kumfurahisha mwenyewe. Lakini kila mlio unaila ile kingo laini, mpaka siku ambayo bunduki itaegemezwa ukutani, au itateleza begani mtu akiruka mtaro, na nyundo iachie bila kidole kugusa kitu.

Hata viwanda vikubwa havijaepuka matatizo ya sehemu hii. Aprili 2014 kampuni ya Remington iliwataka wateja warudishe bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio kilichotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014. Uchunguzi wake ulikuwa umebaini kwamba gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kusababisha baadhi ya bunduki kufyatuka zenyewe. Ikiwa tone la gundi lina uzito huo katika kiwanda chenye mitambo ya kupimia, si vigumu kukisia tupa inaweza kufanya nini chini ya mwembe.

Sheria inasemaje

Nchini Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka kila anayemiliki bunduki awe na cheti halali cha silaha hiyo. Biashara ya kuuza na kutengeneza silaha ni ya wenye leseni. Kwa hiyo mwenye bunduki halali anayetaka kifyatulio chake kishughulikiwe anapaswa kumwendea fundi anayetambuliwa na serikali, si mfua vyuma wa sokoni, hata akiwa hodari namna gani. Kuivusha silaha mpakani Vurra ni jambo jingine kabisa: cheti cha Uganda hakimpi mtu haki ya kubeba bunduki akiwa Kongo.

Uwindaji nao una mipaka. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na adhabu kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka inaweza kufika kifungo cha maisha. West Nile yenyewe ni ushahidi wa sababu ya ukali huo. Mapema mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi kando ya Nile, mahali panapoitwa Rhino Camp hadi leo, akiwinda vifaru weupe wa kaskazini. Dume la mwisho la vifaru hao, Sudan, lilikufa Kenya Machi 2018.

Wakazi wa West Nile pia wanajua kwa uzoefu gharama ya silaha zisizo na udhibiti. Makubaliano ya amani kati ya serikali na waasi wa UNRF II yalitiwa saini Yumbe Desemba 2002, baada ya miaka ya mapigano. Katika eneo lenye kumbukumbu hiyo, mlio usiotarajiwa nyuma ya nyumba hauchukuliwi kuwa ajali ndogo.

Kwa mwenye kibali na bunduki ya risasi moja, mpangilio ulio salama ni huu: kwanza aisafishe silaha ikiwa tupu, kisha apeleke malalamiko ya kifyatulio kwa fundi mwenye leseni, na baada ya kazi ahakikishe bunduki imejaribiwa bila risasi, kwa kugongwa kitako na kutikiswa, kabla haijarudi porini. Kifyatulio kikishapita majaribio hayo, linalobaki ni mazoezi ya kidole.